Benadetha Aingia Kioda

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga, chama cha ushirika kilipunguza wafanyakazi, na Kilian akawa mmoja wao. Akamchukua mkewe Benadetha, wakashuka Lundo, kwao Kilian, ziwani Nyasa. Benadetha, Mmatengo wa milimani, alikuwa na kigugumizi. Kwao dada zake walimsemea. Lundo hakuwa na wa kumsemea, na Kinyasa, lugha ya huko, hakukijua. Miezi minne akajifungia ndani kama mwali.

"Utaoza humu," Kilian akamwambia. "Nenda kwaya, au nenda kioda. Chagua mwenyewe."

Kwaya ilimtisha, maana wanakwaya walisoma masomo kanisani kwa zamu. Kioda ni ngoma ya wanawake, kazi kubwa ni ya miguu. Akachagua kioda.

Jumamosi ya kwanza alifika hadi kwenye uzio wa uwanja wa mazoezi, akasikia ngoma, akageuza. Ya pili vilevile. Ya tatu alionwa.

"Karibu, mwanangu!" akaita Mama Edina, kiongozi wa kikundi.

"Shi... shikamoo."

"Marahaba. Hapa mgeni hutaja jina na kwao. Haya, tusikie."

Wanawake kama ishirini walimgeukia. "Be... Be... Be..." Jina likakwama kooni kama mwiba wa samaki. Ida, msichana mrefu wa mstari wa mbele, akaangua kicheko. Benadetha akaona kiza, akakaza khanga akimbie.

"Ida, hebu koma!" Mama Edina alifoka. Kisha akamgeukia mgeni. "Jina litasubiri. Simama nyuma ya Luisa, yule pale, tazama miguu yake."

Akasimama. Akakosea, akamkanyaga Luisa, akakosea tena. Kila ngoma iliponyamaza alijificha nyuma ya Luisa, asije akaulizwa. Hakuulizwa.

Wiki saba baadaye kikundi kilialikwa kucheza kijiji cha Ngumbo. Asubuhi ile hakuweza hata kunywa uji. Uwanja ulifurika watu, naye akaingia na gauni jeupe la kuazima. Alicheza hadi mwisho, kisha akakimbilia nyuma ya nyumba akatapika.

Mtu alimfuata na kikombe cha maji. Alikuwa Ida.

"Mimi mara ya kwanza nilijikojolea," Ida akanong'ona. "Usimwambie mtu."

Benadetha akasukutua, akamrudishia kikombe.

"Jumamosi utakuja lakini?" Ida akauliza.

"Na... naogopa," akasema. "Nitakuja."