Mabeseni Mawili Uani kwa Mama Edita

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya hofu. Miaka ile ya tisini redio zilisema tabaka la ozoni linachakaa, na mkuu wa idara yetu chuoni alitaka kujua mionzi mikali ya jua inaviathiri vipi vijidudu vya madimbwini vinavyokula mwani, ambavyo navyo ndivyo chakula cha vifaranga vya perege. Nikileta matokeo mazuri, ningeajiriwa. Nisipoleta, ningerudi kwa baba na digrii yangu.

Baada ya Kidatu basi lilipita Kisawasawa na Kiberege, mpunga kushoto, milima ya Udzungwa kulia. Nilikagua kipimajoto mara kumi na moja nisije nikafika nacho kimevunjika.

Ifakara nilipokewa na Mama Edita, mkulima wa mpunga mwenye asili ya Mahenge. Uani kwake niliweka mabeseni mawili ya maji ya dimbwi: moja wazi, jingine chini ya plastiki angavu inayozuia ile mionzi.

"Shikamoo mama. Naomba yasiguswe."

"Marahaba. Nani ataiba maji ya dimbwi, mwanangu?"

Nilipima joto asubuhi na jioni. Mchana nilishinda majarubani nikichota sampuli.

Siku ya kumi na nne, beseni la wazi lilijaa vijidudu. Katika lile lenye plastiki vilibaki vichache. Kinyume kabisa cha nilichosoma, kwamba mionzi inaviua! Nilianza kuliona jina langu kwenye majarida.

Jioni ya kuaga nikamweleza. Alicheka hadi akaweka ungo chini.

"Lile lenye paa nililiacha. Hili jingine nililionea huruma. Kengele ya kanisa ikilia saa sita, nalitilia kata moja ya maji baridi ya mtungini."

"Kila siku?"

"Kasoro Jumapili mbili. Misa inanichelewesha."

Kicheko kile nakitamani mpaka leo. Siku ile kilinikata maini.

Njiani kurudi, Kidatu niliamua kunyamaza. Mikumi nikaamua kusema. Morogoro nikanyamaza tena, nani angejua? Mbele ya mkuu, mdomo ukatangulia.

Alisikiliza, kisha akauliza, "Saa sita maji yalikuwa na joto kiasi gani?"

Sikujua. Nilihofia mionzi nikasahau joto la adhuhuri, na huenda ndilo lililoamua kipi kife na kipi kibaki. Mama Edita alikuwapo saa ile, mimi sikuwapo.

Ajira sikupewa siku hiyo. Nilipewa nauli ya kurudi Ifakara.