Msindikizaji wa Majeneza

Mama yangu akienda sokoni Kasulu kununua nyanya, huuliza bei kwa wauzaji watatu, halafu ananunua kwa shoga yake. Huo, kwa kifupi, ndio ununuzi wa umma. Tofauti ni kwamba mama haombi barua.

Barua niliandika mimi. Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tatu, mwandiko wangu mzuri kuliko tabia yangu, na baba alikuwa fundi wa majeneza. Wagonjwa wanaofia hospitali bila ndugu huzikwa na halmashauri, na halmashauri hainunui jeneza mpaka iletewe bei za watu watatu. Anapewa kazi mwenye bei ya chini aliyetimiza masharti. Sheria safi kabisa. Ila mshindi alijulikana kabla bahasha hazijafungwa: mfanyabiashara mmoja wa mbao ambaye sijapata kumwona ameshika msumeno. Alikuwa anamtumia baba meseji yenye bei yake, "Andika juu ya hii," na baba ananiambia niandike ya juu zaidi. Mchezo huo wenyewe waliuita kusindikiza. Wasindikizaji wa bwana harusi hawaoi, lakini angalau pilau wanakula. Baba hata pilau hakuionja. Aliambiwa tu zamu yake inakuja.

"Baba, hiyo zamu inatokea kijijini Titye?" nilimuuliza. "Labda imekosa bodaboda."

"Andika."

Aliyecheka ni mbeba mbao wetu, Mkongo aliyetokea kambi ya Nyarugusu, mrefu kama mlingoti, hana ndugu hata mmoja tuliyemjua. Alifahamu vizuri atazikwa na nani.

"Papa, miye niko mrefu," alimwambia baba. "Ile siku usinikunje magoti."

"Lako nitalitengeneza mwenyewe," baba akajibu.

Nilimpima kwa kamba kuanzia utosini hadi kisiginoni, nikafunga fundo, nikamwambia tutamtoza nauli ya watu wawili.

Asubuhi moja baba aliitwa chumba cha maiti akagongelee misumari jeneza la halmashauri lililokuwa linaachia. Alirudi na kipande cha kitako cha jeneza hilo. Kilikuwa siling bodi, ile ya kuzibia dari. Akakiweka juu ya meza yake ya kazi, akakibonyeza kwa dole gumba. Dole likapita.

Mkongo akainama, akachungulia lile tundu. "Na miye nitapita hapo?"

Bei zilipoombwa tena, baba alinikalisha chini, akaniita mwanangu kwa Kiha chetu. "Mwana wanje, leo andika bei ya kweli. Mbao tupu, chini mpaka juu."

Siku ya kufungua bahasha nilikwenda naye. Afisa manunuzi akasoma bei kwa sauti, na ya baba ikawa ya chini kuliko zote. Yule mfanyabiashara akamgeukia.

"Mzee, umesahau sifuri?"

"Sifuri zote zipo," baba akasema.

Tulirudi nyumbani tunatembea kama watu wa maana. Kumbe tulikuwa bado hatujafika kwenye masharti. Baba akaitwa, akaambiwa ameondolewa kwa sababu hana mashine ya risiti za kodi.

"Mbona siku zote mlinipokea bila mashine?"

Afisa alikuwa mtu mpole, mgeni wa mkoa mwingine. "Mzee wangu, siku zote ulikuwa unashindwa."

Ni kweli, kushindwa hakudaiwi risiti. Niliusema utani huo nyumbani, nikaachwa niucheke peke yangu.

Tangu hapo hata kusindikiza hatukuitwa. Mbao kavu mjini zilikuwa za yule yule mfanyabiashara, na kila baba alipofika zilikuwa "zimeshalipiwa na mtu". Karakana ikanyamaza. Mkongo, kwa kukosa mbao za kubeba, akahamia kubeba magunia. Masika yakamkuta ana kikohozi kibaya. Akalazwa, na hakutoka.

Baba aliivunja meza yake ya kazi, ile ya mninga, akaanza kuranda. Mimi nikaitafuta kamba. Fundo bado lilikuwepo.

Tulilisukuma jeneza kwa mkokoteni hadi hospitali. Afisa alikuwepo, na la halmashauri lilikuwa limeshafika.

"Mzee, la huyu limeshakaguliwa na kupokelewa. Kamati imesaini."

"Liwekeni stoo, mtumie kwa mwingine."

"Limenunuliwa kwa ajili yake. Akienda na lako, lile nitasema limezika nani? Na wewe si ndugu yake."

Akapitisha kiganja juu ya mfuniko wetu. "Zuri," akasema, na nadhani alimaanisha.

Majeneza ya zabuni yalikuwa ya kipimo kimoja. Wahudumu walijaribu kumnyoosha, wakashindwa, wakamkunja magoti. Baba alikuwa amesimama palepale mlangoni, kofia mkononi. Kisha pikapu ikaondoka naye, na kwa mkokoteni hatungeifikia.

Tukageuza. Barabarani watu waliona jeneza refu la mninga likipita. Wauza mahindi wakasimama. Waendesha bodaboda wakazima pikipiki, mmoja akavua kofia. Mzee mmoja akamuuliza baba kwa sauti ya chini, "Poleni. Ni nani?"

Nilifungua mdomo kumwambia halina mtu. Baba akaniwahi.

"Ni mbeba mbao wangu," akasema, akaendelea kusukuma.