Maksai Mwenye Pembe Moja

Habari ya kifo chake niliipata kwa simu nikiwa sokoni Ruangwa, na iliniudhi kabla haijanihuzunisha. Aliyepiga ni jirani yangu wa zamani, mtu mwema, ila hajawahi kuniletea habari kwa mpangilio. "Kaka, mama wa ng'ombe ametutoka alfajiri," alisema. "Tunazika leo baada ya adhuhuri, hitima keshokutwa. Ufike, maana safari hii nyama ipo." Kabla sijajibu akadhani mtandao umekatika, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na aliporudia alianza na nyama.

Wengi wenu hamkumjua, naye hakuwa mtu wa kutaka kujulikana. Aliishi katika kijiji kimoja upande wa Lionja, wilayani Nachingwea, na miaka yote ya tisini nyumba zetu zilitazamana, mpaka nilipohamia Ruangwa mjini. Alifuga ng'ombe mahali ambapo watu wanajua korosho, ufuta, muhogo na mahindi, basi. Marehemu mumewe alikuwa mchunga ng'ombe katika shamba la mifugo. Shamba lilipofungwa alirudi nyumbani na majike wawili na dume, akafariki kabla hawajaongezeka. Ndugu wakashauri wanyama wale wachinjwe kwenye arobaini yake, yaishe, mama apumzike. Aliwajibu kwamba yeye hajachoka. Watu hawakulipenda jibu lile, lakini miaka ilipita na wale watatu wakawa kundi, na kundi likamlisha yeye na binti yake wa pekee, aliyekuwa akikamua naye kila asubuhi na kupeleka maziwa kwa walimu na kwa akina mama wa chai.

Kazi yenyewe niliiona kwa macho. Msimu wa korosho ng'ombe hupenda mno mabibo yaliyoanguka, na huyameza pamoja na korosho yake, jambo ambalo hakuna mwenye shamba atakayelivumilia. Basi mama huyu aliwahi mashambani kwa majirani kabla ya jua kuchomoza, akainama chini ya mikorosho yao, akazitenganisha korosho na mabibo moja moja. Korosho alimwachia mwenyewe zikiwa kwenye tenga, mabibo akabeba akapeleka zizini. Majirani walipata mavuno yao yameshaokotwa na kusafishwa, na bado walilalamika kwamba ng'ombe wake wananuka.

Walilalamika, lakini palipokuwa na msiba au unyago walijua njia ya kwake. Wajumbe walikuja, wakakaa kwenye mkeka, wakasalimia kwa kirefu, halafu wakanyoosha kidole kwa mnyama mnene kuliko wote. Nakumbuka siku moja msemaji wao alikuwa shemeji yake.

"Tumekuja kuomba huyo mwekundu."

"Huyo ana mimba, shemeji."

"Si ndiyo vizuri? Tunachinja mmoja, tunapata wawili."

"Shemeji, wewe ufuta wako unauvuna ukiwa na maua?"

Shemeji alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alielewa kabisa. Na mwaka uliofuata alirudi, akanyoosha kidole kwa jike mwingine mwenye mimba. Mama alipoona kwamba kuelimisha kumeshindikana, alijiwekea utaratibu. Alihasi baadhi ya madume, na kila msimu akatenga maksai mmoja kwa ajili ya misiba ya kijiji. Ukija na shida yako unapewa maksai, unashukuru, unakwenda. Majike hata usiwatazame.

Mwishoni alibaki maksai mmoja mkondefu, aliyevunja pembe kwenye lango la zizi. Tukiwa kwenye hitima ya jirani, mama alisema mbele ya watu, nami nilikuwepo: "Zamu yangu ikifika, mchinjeni huyu wa pembe moja. Majike ni wa binti yangu, msiwaguse." Kaka yake, ambaye kwa desturi yetu ndiye mjomba na mwenye sauti ya mwisho katika ukoo, alikuwa amekaa karibu naye. Aliitikia. Sote tuliitikia. Sisi kwa kuitikia hatujambo.

Nilifika ameshazikwa, lakini siku ya hitima nilikuwepo tangu asubuhi. Mtani wa ukoo wao, mama mmoja wa Mandawa mwenye mwili na sauti, alikuwa amekwisha kuanza kazi yake. Kwetu mtani msibani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, kudai, kutukana hata wazee, na hakuna wa kumkasirikia. Alivaa kanga ya marehemu, na mabuti yake ya zizini, akashika fimbo yake, akapita katikati ya waombolezaji kainamisha mgongo vilevile kama yeye.

"Nyie! Nani kafungua zizi? Shemeji, shusha macho, huko hakuna nyama yako!"

Watu wakaangua kicheko. Mpaka binti wa marehemu, aliyekuwa analia tangu juzi, alitabasamu. Mtani akaenda kusimama mbele ya kaka mtu, akamgonga goti kwa fimbo.

"Kaka, nilisema achinjwe nani?"

"Wa pembe moja, dada," akajibu mzee, anacheka machozi yanamtoka.

"Na majike?"

"Hatugusi."

"Apa!"

"Wallahi sigusi, dada yangu."

Watu wakamtupia mtani sarafu ili anyamaze, kama desturi ilivyo. Na mzee, huku bado anafuta machozi ya kicheko, akainuka, akaenda zizini na vijana wa kuchinja, akawaonyesha jike mwekundu, wa uzao wa yule wa zamani.

Mtani aliwafuata mbio na mabuti yale makubwa. "Jamani, mimi sikuwa nafanya utani!" Wakacheka zaidi. Walisema hawajawahi kuona mtani hodari kama yule. Nikamwendea mzee, nikamwambia ameapa sasa hivi. Akanitazama kama vile mimi ni mtoto. "Nimemwapia mtani, bwana. Ule ni utani." Nikamwambia hata dada yake mwenyewe alisema hivyohivyo akiwa mzima. Akapandisha sauti: "Unataka dada yangu tumfanyie hitima kwa ng'ombe mbovu wa pembe moja? Wageni wametoka Mandawa, wakirudi wakaseme nini? Kwamba mwenye ng'ombe kafa, ndugu zake wamekula mifupa?"

Binti alisimama mlangoni mwa zizi na kamba ya mama yake mkononi, hakuambulia hata kusikilizwa. Jike akachinjwa. Walipompasua walikuta ndama amekamilika, ana manyoya, amebakiza wiki chache tu azaliwe. Vijana wakaweka visu chini. Kisha mmoja wa wazee akasema ni mipango ya Mungu, na wengine wakapumua, wakaendelea kukata nyama. Hapo ndipo nilipotaka kupiga kelele, mimi ambaye si mtu wa kelele. Mungu, kwa nilivyoona, alikuwa amepanga ndama azaliwe.

Mimi niliishia darasa la saba, sina maneno makubwa. Ninachojua ni kwamba hatukumchukia mama yule. Tulimpenda, na tulimharibia kwa mapenzi yetu. Mtu akiwa hai anatueleza anachotaka kwa lugha nyepesi, tunamwambia ndiyo mama, tumesikia mama. Akifa tunakaa kikao na kuamua kwamba alichotaka ni kidogo mno, kitatuaibisha, tumpe kikubwa zaidi. Na kikubwa hicho hatukitoi mifukoni mwetu, tunakitoa mikononi mwa mwanawe. Halafu kwenye mikutano ya kijiji tunasimama kulalamika kwamba watoto wetu hawapati maziwa, na kwamba huku kusini hatuna bahati ya mifugo. Bahati tuliipata. Tuliipikia pilau.

Ilipokaribia arobaini nilisikia kwamba mzee ameshamchagua jike mweusi. Binti alinifuata hadi Ruangwa. "Baba mdogo, wakimchinja na huyo nitabaki na nani wa kukamua? Wengine bado mitamba, hawajazaa. Utanisemea?" Nilikwenda, nikasema mbele ya kikao cha ukoo, kwa upole, neno kwa neno kama marehemu alivyosema. Walinisikiliza vizuri, wakanikaribisha chai, wakasema mimi siku hizi ni mtu wa mjini, mambo ya heshima yamenitoka. Chai yenyewe ilikuwa ya maziwa ya jike mweusi.

Asubuhi ya arobaini vijana walikwenda zizini na visu, wakakuta lango liko wazi na ndani yupo maksai mwenye pembe moja peke yake, amefungwa kwenye nguzo kwa kamba ileile ya marehemu. Binti na mtani walikuwa wameswaga kundi lote kuelekea Mandawa, kwa akina mtani. Mzee aliruka, akatukana, akasema mtoto huyu amemvua nguo mbele ya watu. Wakati bado anasema, wageni wa Mandawa wakaingia uani wanacheka, maana walikuwa wamepishana na ng'ombe njiani, na mtani akiwa mbele ya kundi na mabuti ya marehemu, anaimba. Wali ulikuwa jikoni. Wageni walikuwa wamekaa. Hapakuwa na la kufanya ila kumchinja aliyekuwepo.

Na alitosha. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu lingeweza kujulikana mapema. Watu walikula, wakashiba, wakafungasha kwenye majani ya mgomba, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza pembe ya pili iko wapi. Kama tungemtii mama yule siku ya hitima, jike mwekundu angekuwa na ndama wake leo, na sisi tusingepungukiwa heshima hata kidogo. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kuna mzee wako aliyekuambia anachotaka, usimwongezee. Mfanyie hichohicho.

Wiki iliyopita binti alinitumia salamu kutoka Mandawa: jike mweusi amezaa, ndama jike, mzima. Nilifurahi siku nzima. Jioni nikakutana na mjomba wake sokoni, nikampa habari njema. Naye alifurahi kweli, akamshukuru Mungu, kisha akaniuliza atachukua muda gani kunenepa.