Mguu wa Kushoto wa Lyle Hrynkiw

Mjini kwetu Balgrove, huku kwenye jimbo la baridi kali la Saskatchewan, mtoto hufunzwa mambo mawili kabla hajajua kusema asante: kuteleza juu ya barafu na kutolalamika. Lyle Hrynkiw alifuzu yote mawili. Kila kipupwe baba yake alimwaga maji uani yakaganda, na Lyle akakulia humo mpaka akawa beki wa kulipwa wa timu yetu ya hoki ya barafuni.

Beki ni mtu anayeona kipande cha mpira mgumu kama jiwe kikimjia mbio, na badala ya kukwepa kama mwenye akili, anajilaza njiani. Kwa hekima hiyo Lyle alipoteza meno ya mbele, pua ikapinda, na mji mzima ukampenda. Ligi kubwa haikumwita kamwe. Tulisema haijui kuchagua watu.

Mwaka tuliofika fainali, siku chache kabla ya mchezo wa mwisho, mpira ulimpiga mguu wa kushoto. Mkewe Darlene, ambaye ni muuguzi, aliubonyeza kidogo tu, Lyle akapiga yowe.

"Umevunjika huu. Mwambie kocha."

"Ili aniweke benchi? Watu watanionaje?"

"Watakuona kiwete, mume wangu. Ndiyo sifa unayoitafuta?"

"Wewe kaza bandeji."

Kwetu mchezaji anayetaja jeraha huitwa mtoa visingizio, na heri uitwe mwizi. Basi Lyle akaubana mguu ndani ya kiatu, akaingia uwanjani. Dakika za mwisho, timu zikiwa sare, mshambuliaji wao alimpita kushoto kama anavyopita nguzo ya umeme. Kipa wetu, Réjean Thibault, akabaki peke yake. Akafungwa, na kombe likaondoka.

"Kipa gani huyu?" mashabiki wetu wakazomea. "Hata mlango wa zizi unazuia kuliko yeye!"

"Arudi kwao Quebec akauze jibini!"

Ikajulikana kwamba uongozi unataka kumwachisha kazi. Lyle akanyamaza, nasi kimya chake tukakiita unyenyekevu. Siku ya karamu ya kufunga msimu, katika ukumbi wa kanisa, tukiwa tumejaza mdomoni perogi, zile sambusa zetu za viazi za kuchemsha, hatimaye alisimama.

"Msimfukuze Réjean. Goli lile ni langu. Mguu ulikuwa umevunjika, sikuweza kugeuka. Niliwaficha."

Mwenyekiti wa timu, Orville Stang, akafuta machozi.

"Mmesikia, jamani? Amecheza na mguu uliovunjika! Kwa ajili yetu!"

"Mwanamume huyo!" mtu akadakia. "Na yule kipa mwenye miguu miwili mizima kaachia!"

"Hamnielewi, nasema..."

"Kaa, shujaa, kaa! Pumzisha mguu."

Ndivyo watu wazima, waenda kanisani wote, walivyosikia ungamo wakalipigia makofi. Jezi ya Lyle ikatundikwa juu ya uwanja kwa heshima yake. Réjean akaachishwa kazi juma lile lile.

Lyle alimkuta akipakia vifaa vyake garini, akamwendea kwa mikongojo.

"Nilijaribu, kaka. Uliniona."

"Nilikuona," Réjean akasema bila kugeuka. "Ulijaribu mbele ya perogi. Siku ya mchezo kulikuwa na beki mzima benchi, Lyle. Ungemwachia nafasi."

Akafunga buti ya gari. Lyle alimnyooshea mkono, na Réjean, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaupokea.