Jani Alilolitupa Shaibu

Shaibu fundi cherehani, mtu wa Newala, hakuwa mwizi, na hilo ndilo lililomponza. Mwizi angalau hujua anachofanya. Wapangaji wote wa jengo lao pale Kariakoo walitumia sanduku moja la posta, na ufunguo alikaa nao yeye kwa sababu ndiye aliyekubali kwenda na kurudi kwa miguu. Wakamwita Bwana Posta, na sifa zikamlewesha. Akaanza kufungua vya watu, bahasha ya huyu, kifurushi cha yule, eti ajue kipi cha haraka. Karani wa posta alimwonya kwamba kufungua cha mwenzio ni kosa la jinai, watu hufungwa. Shaibu akacheka. Jela ni ya wezi, alisema, yeye anasaidia watu.

Mwezi wa pili kikaja kifurushi cha Elimringi, muuza vitenge wa duka la chini aliyeitwa Mangi kama Wachaga wengine wa mjini, kutoka kwa kaka yake Machame. Kilinukia kahawa, na pua ikamshinda fundi. Akakata gundi, akachota kidogo iwe malipo ya miguu yake. Juu ya kahawa kulikuwa na jani refu lililopigwa fundo, limeanza kunyauka. Akaliona takataka za shambani, akalitupa mtaroni, akafunga tena na kupeleka.

Elimringi alipekua kahawa mpaka chini. "Ni hiki tu?"

"Hicho tu, Mangi."

Akakisukuma chini ya meza. Jengo zima lilijua ugomvi wao: mama yao alifariki Elimringi akiwa China kufuata mzigo, na kaka akazika bila kumsubiri. Tangu hapo Elimringi hakupokea simu yake.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Godbless, jirani aliyemtukana Elimringi mbele ya wateja, aliingia dukani ameshika jani bichi lenye fundo. Elimringi alisimama, akalipokea kwa mikono miwili, wakakumbatiana.

"Makubwa haya," Shaibu akatania. "Matusi yote yale, jani moja tu?"

"Hilo ni isale, fundi," Elimringi akamwambia. "Kwetu mtu akikuletea isale ameomba radhi, na halikataliwi. Hata kaka yangu angeniletea ningemsamehe siku hiyohiyo. Yeye kanitumia kahawa, kama mteja."

Shaibu alirudi kwenye cherehani yake. Akashona mkono wa gauni kinyume, akafumua, akaushona kinyume tena. Angeweza kunyamaza, maana mtaro hausemi. Lakini aibu ilikuwa imemkaa kifuani, na kila mpangaji alipopita akimwita Bwana Posta ilizidi kumbana. Kabla ya adhuhuri akashuka dukani na kusema yote, kahawa aliyochota na jani alilotupa.

Elimringi akakaa kwenye robota la vitenge.

"Kwa hiyo kaka yangu anajua nimekataa isale," alisema. "Ukoo mzima unajua. Hakuna Mchaga anayefanya hivyo, fundi."

"Nipeleke polisi, Mangi. Sheria ipo. Nimestahili."

"Polisi watakufunga wewe. Kaka yangu atakuwa ameambiwa na nani?"

Akaitafuta namba ile, akabonyeza, akampa simu. Shaibu aliipokea. Alitamani pingu, maana aliyefungwa pingu hatakiwi kueleza kitu.

"Elimringi?" Sauti ya mzee ilikuwa na furaha inayoogopa. "Ni wewe, mdogo wangu?"

"Shikamoo, mzee. Siyo yeye. Yupo hapa anakusubiri."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Shaibu akamtazama Elimringi, aliyekuwa ameinamisha kichwa akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mimi ndiye niliyefungua kifurushi chako," akasema.