Nilivyouharibu ubao wa nyama wa wife mbele ya baba mkwe wa mdogo wangu

Wakuu, salaam popote mlipo.

Hii si chai. Imetokea sebuleni kwangu hapa Karatu, na wife ananicheka mpaka leo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha. Wife, Mama Eli, ni mpishi kwenye lodge moja. Sisi ni Wairaqw, wakulima kabisa. Mdogo wangu Safari amempenda Naserian, binti wa Kimaasai kutoka Ngorongoro, mwalimu mwenzake. Baba wa binti alikuwa hajakataa wala hajakubali. Alisema tu atakuja kwanza aone hao watu wanaishije.

Mnaielewa hiyo presha? Wazazi wetu walishatangulia, kwa hiyo kwangu ndiko kwao Safari. Mzee akiondoka amekunja uso, ndoa imekwisha kabla ya posa. Dogo alikonda wiki nzima.

Wife akasema pilau kila mtu anapika. Yeye atawaandalia charcuterie kama ya lodge. (Mimi natamka shakuteri, msinicheke.) Ni ubao mkubwa unaopangwa vipande vya nyama, jibini, matunda, karanga na mkate, watu wanachukua kidogo kidogo huku wakipiga stori.

Jumamosi asubuhi nikakaa kwenye stuli jikoni, namwangalia.

Wakuu, yule mwanamke ana mikono! Ulimi wa ng'ombe aliuchemsha jana yake, sasa anaukata mwembamba mpaka mwanga unapita. Mbuzi wa kuchoma kaondolewa mifupa. Akaweka vibakuli viwili, cha asali na cha kachumbari ya vitunguu vya Baray, akaikunja nyama na kuizungusha kuvifuata, mapengo akajaza karanga. Hakupima chochote. Miaka kumi na moja ya ndoa, sikuwahi kumwona akiwa kazini. Nilijisikia fahari.

Akaandaa mbao mbili. Mmoja wa nyama. Mwingine wa jibini, siagi, pesheni na mkate wa ngano ya Mbulumbulu. Akazifunika kwa vitambaa, akaenda kubadili nguo.

Hapo ndipo kiherehere changu kilipoanza.

Picha zote nilizoona mtandaoni, nyama na jibini vinakaa pamoja. Nikasema huyu kachoka, ngoja nimsaidie. Nikachukua jibini, nikaichomeka katikati ya nyama, kipande kwa kipande. Ikapendeza kweli! Wageni wakawa wamefika, nikaubeba mwenyewe hadi sebuleni.

Mzee alikuja na Naserian na wazee wawili wa rika lake. Akachukua kipande cha ulimi, akasita.

"Hiki cheupe ni nini?"

"Jibini, mzee. Maziwa matupu ya ng'ombe!" Nilijibu kwa sifa kabisa.

Akairudisha nyama. Polepole.

"Sisi hatuchanganyi nyama na maziwa siku moja," akasema. Wenzake wakarudisha mikono. Naserian akainamisha kichwa. Safari alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau.

Sasa wakuu, najua wengi siku hizi hawaufuati tena huo mwiko. Huyu anaufuata. Na mimi nimeishi na Wamaasai tangu utoto, naujua. Ila kichwani mwangu jibini ilikuwa chakula cha wazungu tu. Haikuwahi kuwa maziwa mpaka nilipoyataja kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Eli akatokea. Akauangalia ubao, akaniangalia mimi sekunde moja. Ilitosha. Akapiga goti mbele ya mzee.

"Baba, samahani. Naserian alishaniambia. Nyama na jibini niliviweka mbali mbali ili ukifika nikuulize mwenyewe, leo ni nyama au ni maziwa. Baba Eli amenitangulia. Jikoni kuna nyama nyingine, haijagusana na jibini. Ukisema, naleta."

Mzee akamtazama vizuri.

"Ulitaka kuniuliza?"

"Ndiyo, baba."

"Basi leta nyama, mama."

Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa ameandaa chai ya rangi, wakati ng'ombe wetu anakamuliwa kila siku.

Dakika kumi hivi, ubao mpya ukatoka, mzuri kuliko ule wa kwanza. Mimi sikuruhusiwa kushika hata kitambaa. Na walikula! Wale wazee watatu waliufagia mpaka karanga ya mwisho, mmoja akauliza ulimi umechemshwa kwa saa ngapi.

Muda wote huo mzee hakusema neno moja kuhusu binti yake. Safari alikuwa kwenye kona, jasho linamtoka.

Wakati wa kuaga, mzee akamgeukia wife. Mimi hata hakuniangalia.

"Mama, leo nimekula nyama. Yale maziwa nitakuja kuyanywa siku ya kuongea habari za hawa watoto."

Safari akatoka nje kujifanya anaangalia tairi za gari lao. Alikuwa analia, na mimi machozi hayakuwa mbali.

Funzo langu: wife akifunika chakula, usifunue. Na jingine, nilidhani pale jikoni nimeuona ufundi wake wote, kumbe mkubwa kuliko wote ulikuwa lile swali alilomwekea mzee. Nilimwambia hivyo jioni ile. Akajibu, "Haya, osha mbao."

Haya, nani mwingine amewahi kuchemka mbele ya wakwe? Njooni mnisindikize, nisibaki peke yangu.