Maji Matamu ya Makaburini

Kisima chetu cha kwanza kilinuka tope la mikoko. Wareno walikuwa wametuhamisha kutoka mashamba yetu ya upande wa Pundanhar, kaskazini mwa Msumbiji, wakatulundika karibu na pwani ndani ya uzio wa senyenge, ili tusiwalishe wapiganaji wa msituni. Maji ya kisima hicho yalikuwa ya chumvi na machafu. Watoto wadogo waliharisha wakafa, na mdogo wangu Saidi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, akawa mmoja wao. Tulimzika kwenye mwinuko wa mchanga nyuma ya msikiti wa makuti.

Kiangazi kile alikuja fundi wa Kireno na sanduku la betri, nyaya ndefu na vyuma vya kupigilia ardhini. Watu walidhani anatega mabomu, wakakaa mbali. Mkalimani wake, kijana wa Mocímboa, alitueleza kwamba umeme hupita kwa wepesi penye maji ya chumvi, lakini kwenye mchanga wenye maji matamu hupita kwa shida, na sanduku huonyesha tofauti. Walivuta nyaya kijiji kizima wakakuta chumvi tu. Mwishowe walipima kule mwinukoni, na fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha akayaona makaburi, akamtuma mkalimani kwa mwalimu wa msikiti.

Mwalimu wa msikiti alikuja kwetu jioni ile. Baba alikuwa ametoroka akaingia msituni, kwa hiyo wa kuulizwa alikuwa mama.

“Mama Somoe,” alisema taratibu, “makaburi mengine hayataguswa. La Saidi tu ndilo lililo mahali wanapotaka. Dini inaruhusu kumhamisha, maana watu wanakufa. Lakini bila ruhusa yako hawachimbi.”

Mama alikuwa akipeta mtama. Alipeta mpaka makapi yakaisha.

“Mtoto wa jirani anaharisha tangu jana,” akasema. “Mhamisheni, Mwalimu. Ila msiniite kutazama.”

Maji yalitoka, na yalikuwa matamu kweli. Mtoto wa jirani alipona. Wanawake walikuja kumshukuru mama, naye akawakaribisha mkekani. Alituchotea sisi maji yale kila siku, lakini yeye, mpaka vita vilipokwisha, aliendelea kunywa ya chumvi.

Sasa naishi Mtwara, na bomba liko jikoni. Wajukuu wangu huliacha likimwagika, nami huwafokea kupita kiasi. Wakiniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, huwaambia alikuwa mkarimu, kisha naenda kulifunga bomba.